Michael Grzimek: kijana aliyehesabu nyumbu kutoka angani

Ukipanda kutoka lango la Lodoare kuelekea Serengeti, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, utaona kando ya barabara mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Madereva wa magari ya watalii husimama hapo dakika mbili tatu, wageni wanapiga picha, kisha safari inaendelea. Sisi wenyeji wa Karatu na Ngorongoro tumeupita mara nyingi tukiwa kwenye basi, na wengi wetu tunajua tu kwamba pale amelala Mzungu aliyekufa kwa ndege.

Aliyelala pale ni Michael Grzimek. Baba yake, Bernhard Grzimek, yuko pembeni yake. Leo tunasimulia maisha ya Michael kwa sababu ya swali tunaloletewa mara kwa mara na wanafunzi wa darasa la saba na kidato cha kwanza na cha pili: aljebra na takwimu zinatusaidia nini sisi watoto wa wakulima na wafugaji? Maisha ya kijana huyu, yaliyoishia hapa hapa kwetu, yana sehemu kubwa ya jibu.

Mtoto wa bwana mifugo

Michael alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo, na baada ya Vita Kuu ya Pili akawa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, mji ulioharibiwa vibaya kwa mabomu. Michael alikulia katikati ya wanyama. Akiwa bado kijana alishika kamera, akaanza kumsaidia baba yake kutengeneza filamu.

Mwaka 1956 walitoa filamu waliyoipiga Kongo, ikieleza jinsi wanyamapori wa Afrika wanavyokosa mahali pa kuishi. Ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Berlin na iliingiza fedha. Baba na mwana wakataka fedha hizo zinunue ardhi ya kuongezea hifadhi ya Serengeti. Wakati huo nchi yetu ilikuwa Tanganyika chini ya Waingereza, na mkurugenzi wa hifadhi za taifa alikuwa Peter Molloy. Yeye aliwapa wazo jingine. Serikali ilikuwa inapanga kuchora upya mipaka ya Serengeti, lakini hakuna aliyejua kwa uhakika wanyama ni wangapi, wala wanakwenda wapi mvua zikinyesha na wapi kiangazi kikiingia. Badala ya kununua ardhi, akawashauri, fedha hizo zitumike kutafuta jibu.

Kwa hiyo kazi yao ilianza na swali, na hivyo ndivyo takwimu zote zinavyoanza. Kabla hujahesabu chochote, lazima ujue unatafuta kujua nini.

Ndege yenye mistari ya pundamilia

Baba na mwana walijifunza urubani. Wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier, inayoweza kuruka polepole na kutua mahali pafupi, wakaipaka mistari myeusi na myeupe kama pundamilia. Desemba 1957 waliondoka Ujerumani na ndege hiyo, na mwanzoni mwa 1958 walikuwa Serengeti.

Fikiria kazi iliyokuwa mbele yao. Nyumbu hawakai foleni wahesabiwe. Wanatembea, wanachanganyika na pundamilia na swala, wengine wako chini ya miti. Ukihesabu kundi la asubuhi, jioni unaweza kulikuta bonde la pili ukalihesabu tena. Ili kuepuka hilo, waliligawa eneo katika vipande, wakaruka chini chini kwa njia zilizonyooka, njia moja kando ya nyingine, huku wahesabuji wakitazama nje kupitia madirisha. Mkulima anayepalilia shamba kubwa hufanya vivyo hivyo: anakwenda mstari kwa mstari ili asirudie palipopaliliwa wala asiruke pasipopaliliwa.

Walipomaliza, walitoa jumla ya wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481, pundamilia 57,199, na swala tomi pamoja na swala granti 194,654.

Mwanafunzi mwenye kalamu anaweza kuanza kazi hapa. Gawanya swala kwa jumla: utapata asilimia 53, yaani zaidi ya nusu. Nyumbu ni asilimia 27, robo na kidogo. Pundamilia ni karibu asilimia 16. Waliobaki wote, tembo, nyati, twiga na wengineo, wanagawana asilimia 4 iliyosalia. Ukichora mduara na kuugawa kwa vipimo hivyo, umechora chati ile ile unayofundishwa darasani, na mtu asiyeweza kusoma zile namba ndefu ataelewa kwa kutazama tu.

Kufuata njia za nyumbu

Kuhesabu kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kujua wanyama wanakokwenda. Waliwakamata baadhi yao, wakawavisha mikanda ya rangi shingoni, wakawafuatilia kwa ndege mwezi baada ya mwezi. Walichukua pia sampuli za majani na udongo, wajue kwa nini wanyama wanapenda malisho ya hapa na kuyaacha ya pale.

Walichokiona kiliwashtua. Mvua zikinyesha, makundi makubwa yalitoka na kwenda kwenye tambarare za mashariki, upande wa Ngorongoro, na kukaa huko kwa miezi. Mipaka mipya iliyokuwa inapangwa iliziacha tambarare hizo nje ya hifadhi. Kwa maneno mengine, ramani ilichorwa kabla ya hesabu kufanyika, na hesabu ilipokuja ikaonyesha kwamba ramani haikufuata nyayo za wanyama.

Hata hivyo uamuzi ulikwishapita. Mwaka 1959 sheria iliigawa Serengeti ya zamani: upande mmoja ukabaki Hifadhi ya Taifa isiyo na makazi ya watu, na upande wa pili ukawa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambako watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti, wakiwemo wale wa Moru, walilazimika kuondoka, wengi wakaja Ngorongoro na Loliondo. Wajukuu wao ni miongoni mwenu mnaosoma makala hii.

Hapa tuseme ukweli wote. Bernhard Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kuwa na watu ndani yake, hata wafugaji wasiowinda. Wazee wengi wa Ngorongoro hawakukubaliana naye wakati ule, na wajukuu wao hawakubaliani naye leo. Hesabu za nyumbu haziwezi kuamua ubishi huo. Namba inaonyesha wanyama ni wangapi na wako wapi, lakini swali la nani ana haki ya kukaa wapi linahitaji watu kukaa na kuzungumza.

Tarehe 10 Januari 1959

Siku hiyo Michael alikuwa peke yake ndani ya ile ndege ya mistari. Akiwa angani aligongana na tumbusi, ndege mkubwa mla mizoga tunayemwona kila siku akizunguka juu ya tambarare. Bawa la ndege likaharibika, Michael akashindwa kuiongoza, ikaanguka. Alikufa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta, mahali ambapo mnara umesimama leo.

Baba yake aliikamilisha kazi. Kitabu na filamu kuhusu Serengeti vilitoka mwaka huo huo wa 1959. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu za makala mwaka 1960, na mamilioni ya watu duniani wakaijua Serengeti kwa mara ya kwanza. Bernhard alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro kuzikwa kando ya mwanawe.

Hesabu iliyosahihishwa

Sasa tufike mahali ambapo wanafunzi wengi hupata tabu kuamini: hesabu ya Michael na baba yake haikuwa sahihi.

Mwaka 1961 watafiti wengine walihesabu tena, safari hii kwa kupiga picha kutoka angani na kuhesabu wanyama kwenye picha wakiwa wametulia chini. Walipata nyumbu zaidi ya 200,000, mara mbili na zaidi ya wale 99,481. Wataalamu wakakubaliana kwamba hesabu ya kwanza iliwakosa wengi. Jicho la mtu aliye ndani ya ndege inayokwenda, akitazama kundi lililosongamana, huhesabu wachache kuliko waliopo.

Je, kazi yao ilikuwa bure? Hapana. Bila hesabu ya kwanza, hesabu ya pili isingekuwa na kitu cha kusahihisha. Mwalimu anapoweka alama nyekundu kwenye daftari lako anafanya kazi ile ile. Ukificha ulivyokokotoa hakuna atakayeona ulipokosea, lakini ukionyesha njia yako mwingine ataanzia hapo.

Hesabu zilizofuata zilifichua jambo kubwa zaidi. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamefika kiasi cha milioni 1.3. Sababu kubwa ilikuwa sotoka, ugonjwa uliokuwa unaua ng'ombe na pia ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa wafugaji walio jirani na hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulikosa mahali pa kujificha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukatoweka kwa nyumbu pia. Yaani chanjo ya ng'ombe bomani ilijaza nyumbu tambarareni. Jambo hilo lisingejulikana kama watu wasingehesabu mwaka hadi mwaka na kuzipanga namba kwenye grafu, wakauona mstari ukipanda na kujiuliza kwa nini.

Jaribu shambani

Leo wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, bado wanahesabu wanyama kwa ndege. Wanyama wengine huhesabiwa wote, lakini makundi makubwa kama ya nyumbu huhesabiwa kwa sampuli: sehemu inahesabiwa, kisha jumla inakadiriwa. Njia hiyo unaweza kuijaribu nyumbani bila ndege.

Tuseme shamba lenu la Rhotia lina mistari 60 ya mahindi, na baba anataka kujua ana mashina mangapi. Huna haja ya kuhesabu yote. Hesabu mistari mitano: tuseme umepata 78, 82, 80, 75 na 85. Jumla ni 400. Gawanya kwa 5, wastani ni mashina 80 kwa mstari. Sasa ile jumla usiyoijua ipe herufi, tuiite j. Hiyo ndiyo aljebra: herufi ni kikapu cha namba ambayo bado hujaiona. Kama mstari mmoja una wastani wa mashina 80 na mistari ni 60, basi j = 80 × 60, yaani mashina 4,800.

Ila angalia mistari uliyoichagua. Kama yote mitano iko karibu na mfereji, mahali mahindi yanapostawi, utapata jibu kubwa kuliko ukweli. Kama yote iko pembezoni walikopita mbuzi, utapata jibu dogo. Chagua mistari huku na huku bila kupendelea. Kosa la sampuli iliyopendelea ni baya kuliko kosa la kujumlisha, kwa sababu ukirudia kujumlisha utaligundua la pili, lakini la kwanza halionekani kwenye karatasi.

Namba na sisi

Tunaishi katika wilaya ambazo namba zinaamua mambo mengi. Idadi ya watu, ya ng'ombe, ya tembo walioingia mashambani, ya wanafunzi kwa kila mwalimu: zote hutajwa kwenye mikutano, na zote huweza kubadili maisha ya familia. Asiyejua takwimu hupokea kila namba anayopewa, au huikataa bila sababu. Anayejua huuliza maswali manne: nani alihesabu, lini, eneo gani, na kwa njia gani? Akipata majibu, anaweza kukubali au kupinga kwa hoja.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akikaa na daftari la hesabu jioni, mpe taa na nafasi. Na wewe mwanafunzi, siku ukipita ukingoni mwa kreta, tazama ule mnara wa mawe. Aliyelala pale alikuwa na umri ambao wengi wenu mtaufikia miaka michache ijayo, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kugawa, kujumlisha na kulinganisha, mambo yale yale yaliyomo kwenye daftari lako.