Paul Klee, Mchoraji Aliyejifunza kwa Mawe ya Kale

Muhula uliopita niliazima kitabu cha picha katika maktaba yetu, nikakipeleka bwenini. Wenzangu walipoiona picha moja iliyojaa vipande vya rangi tu, bila mtu wala mti, walicheka sana, wakasema kuwa hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuichora. Mimi sikuwa na jibu. Basi nikasoma habari za aliyeichora, na leo napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu maisha yake, ili mwamue wenyewe kama kicheko kile kilikuwa cha haki.

Paul Klee alizaliwa tarehe 18 Desemba, 1879, karibu na mji wa Bern katika Uswisi. Baba yake alikuwa Mjerumani, mwalimu wa muziki. Paul alipiga fidla vizuri tangu utotoni, lakini alichagua kuchora, akaenda kusoma Munich, Ujerumani. Mwaka 1906 alimwoa Lily Stumpf, mpigaji piano, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao, Felix. Kwa miaka mingi bibi ndiye aliyeleta fedha nyumbani kwa kufundisha piano, na bwana akapika, akamlea mtoto, na kuchora kila alipopata nafasi. Alikuwa hodari wa mistari, lakini rangi zilimshinda. Hata alipofika umri wa miaka 34 bado hakuridhika na kazi yake.

Mwezi wa Aprili, 1914, alisafiri kwenda Tunisia pamoja na rafiki zake wawili wachoraji, August Macke na Louis Moilliet. Walifika Kairouan, mji mtukufu kwa Waislamu, ambao msikiti wake mkuu ulianzishwa mwaka 670 na Uqba bin Nafi. Nguzo nyingi za msikiti huo zilitolewa katika majengo ya kale zaidi, ya Warumi na wengineo, zikasimamishwa upya kwa ibada nyingine. Huko Klee alipaka rangi za maji. Kuta, malango na makuba ya mji ule yakageuka katika karatasi zake kuwa miraba na nusu duara, rangi moja ikikaa kando ya nyingine. Alikaa Kairouan siku chache tu, lakini tangu hapo alijihesabu kuwa mchoraji kweli.

Furaha hiyo haikudumu. Vita Kuu ilianza mwaka ule ule, na mwezi wa Septemba Macke akauawa vitani Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 27. Klee mwenyewe alichukuliwa jeshini mwaka 1916. Hata hivyo hakuacha kuchora.

Toka mwaka 1921 alifundisha katika Bauhaus, shule maarufu ya sanaa na ufundi iliyokuwa Weimar, kisha Dessau. Mwezi wa Desemba, 1928, alipata nafasi ya kwenda Misri. Aliona Cairo, akapanda na mto Naili hata Luxor na Aswan. Aliona mahekalu ya Karnak na makaburi ya Mafirauni. Kadhalika aliona jinsi mashamba ya kijani yalivyogawanywa vipande vipande kando ya mto, na jangwa kavu likianza mara moja baada yake.

Mtu angedhani kwamba aliporudi alichora mahekalu yale. Sivyo. Mwaka 1929 alichora picha mbili ambazo majina yake kwa lugha yetu ni Ukumbusho katika Nchi Yenye Rutuba, na Njia Kuu na Njia za Pembeni. Hamna nguzo wala piramidi ndani yake. Mna vipande virefu vya rangi vilivyopangwa kwa hesabu: kimoja hugawanywa kuwa viwili, viwili kuwa vinne, na vinne kuwa vinane. Katika ile ya pili njia pana inapanda katikati hata juu, ambapo rangi ya buluu imetandaa kama maji. Hiyo ndiyo picha waliyoicheka wenzangu. Klee hakuiga umbo la mahali patakatifu. Alichukua utaratibu wake na kipimo chake.

Mwaka 1933 serikali ya Wanazi ilimwondoa katika kazi ya ualimu aliyokuwa nayo Düsseldorf, naye akarudi Bern. Mwaka 1935 akapatwa na ugonjwa uliokakamaza ngozi yake. Mwaka 1937 Wanazi walionyesha picha zake 17 mjini Munich ili watu wazidharau. Lakini mwaka huo huo, mgonjwa na mwenye kufukuzwa, alichora Hadithi ya Naili: miraba ya buluu, na juu yake alama zinazofanana na maandishi ya kale ya Misri. Miaka minane na zaidi ilikuwa imepita tangu aone mto ule. Mwaka 1939 peke yake alifanya kazi zaidi ya 1,200. Alifariki tarehe 29 Juni, 1940, huko Muralto, kabla ya kupewa uraia wa Uswisi, nchi aliyozaliwa. Tangu mwaka 2005 Bern ina jumba kubwa la kuhifadhi kazi zake.

Mwaka jana darasa letu lilikwenda kutazama magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Nilichora msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, jiwe kwa jiwe, kisha nikaisahau karatasi ile sandukuni. Baada ya kusoma habari za Klee nilijaribu tena, bila kuitazama, nikitumia rangi ya matumbawe, ya majani na ya kivuli tu. Haikuwa picha nzuri. Niliianza mara nne, na mara nne nikaiharibu. Rafiki yangu wa kitanda cha jirani, aliyecheka kuliko wote, aliniomba rangi naye ajaribu. Hata kengele ya kulala ilipolia alikuwa hajapata vipande viwili vya kupatana, wala hakucheka tena.