Sista Irene na mikono inayobaki wodini



Kama unafanya biashara Mwanjelwa pale Mbeya, au katika Soko Kuu la Iringa, bila shaka umewahi kupanda basi kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo Kariakoo. Jina hilo tunalitamka kila siku bila kujiuliza lilitoka wapi. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambao walikuwa na kambi yao mahali pale. Vijana wa Kiafrika walikusanywa kutoka vijijini kubeba risasi, unga na majeruhi. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Leo nataka nikusimulie habari za mwanamke aliyewauguza wapagazi hao, kisha uniambie moyoni mwako kama wewe na kikundi chako mna la kujifunza kwake.

Jina lake la kuzaliwa ni Mercede Stefani. Alizaliwa Agosti 22, 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, katika familia ya watoto 12. Akiwa bado binti, mama yake alifariki, naye akabeba mzigo wa kuwalea wadogo zake. Wasichana wengi wa nyanda zetu wanaujua mzigo huo: kuamka kabla ya wote, kuwasha moto, kumbembeleza mtoto ambaye si wako lakini anakulilia wewe. Kabla hajawa sista, Mercede alikuwa amekwisha kuwa mlezi.

Mwaka 1911 alikwenda Turin na kujiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mwanzilishi wake alikuwa Padri Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu Oktoba 2024. Huko binti huyo akapewa jina la Irene. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwanzoni mwa mwaka 1915 alishuka Mombasa akiwa na umri wa miaka 23. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza.

Mwaka 1916 mapigano yalifika hata kwetu. Majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland, yakapita nchi ya Wanyakyusa na kuingia Iringa mwezi Agosti. Wazee wetu walichukuliwa upagazi na pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, na ghala za mahindi zikakombwa. Mwaka huohuo Sista Irene alipelekwa Voi, Kenya, kuhudumu katika hospitali ya wapagazi. Baadaye alihamishiwa upande huu wa mpaka: Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Usifikirie hospitali kama tunazozijua leo, msomaji wangu. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi, dawa chache, na watumishi wachache zaidi. Wapagazi walihesabiwa kama mizigo waliyoibeba. Sista Irene hakuwa daktari. Alichokuwa nacho ni mikono miwili, maji, vitambaa vya kufungia vidonda, na muda. Aliosha vidonda vilivyonuka, akawalisha waliokosa nguvu ya kuinua kijiko, na akajifunza lugha ili aweze kuwaita wagonjwa kwa majina yao. Inasimuliwa kwamba kule Kilwa alimtafuta mgonjwa mmoja kitandani pake asimwone. Alipoambiwa amekwisha kutolewa pamoja na maiti, hakukubali. Akaenda kumtafuta palepale kwenye maiti, akamkuta bado anapumua.

Tafakari jambo hilo. Yule mtu angezikwa akiwa hai, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwangalia mara ya pili. Kilichomtofautisha Irene na wengine siku ile ni kwamba alirudi kumtazama.

Vita vilipokwisha alirudi Kenya, na kuanzia mwaka 1920 akaishi Gikondi, katika vilima vya Nyeri, kwa miaka 10. Huko alifundisha shule, akapanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatembelea wagonjwa majumbani, akawasaidia wanawake wakati wa kujifungua, na akawaokoa watoto wachanga waliotupwa. Akina mama wasiojua kusoma walimwendea awaandikie barua kwa wana wao waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Wakikuyu wakampa jina la Nyaatha, maana yake mama mwenye huruma. Jina hilo hakujipa mwenyewe, wala hakulipata kwa hotuba.

Mwezi Oktoba 1930 ugonjwa wa tauni uliingia Gikondi. Mmoja wa walioanguka alikuwa mwalimu ambaye, kwa masimulizi, alikuwa amemfanyia Sista Irene hila kazini. Irene alikwenda kumwuguza. Mwalimu yule alikufa mikononi mwake, na ugonjwa uleule ukamshika yeye. Alifariki Oktoba 31, 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Mei 23, 2015 alitangazwa kuwa mwenyeheri mjini Nyeri, na aliyeongoza ibada hiyo kwa niaba ya Papa alikuwa mtu wetu, Kadinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Nasi wa Iringa tuna undugu mwingine naye: ndugu zake wa Consolata walifika kwetu mwaka 1919, na alama zao zinaonekana hadi leo Tosamaganga na katika hospitali ya Ikonda kule Makete.

Sasa tuje kwetu, msomaji. Nyanda za Juu Kusini hatuna upungufu wa vikundi vya akina mama. Wapo WAWATA, umoja ulioanza mwaka 1972. Zipo jumuiya za wanawake za Walutheri, Wamoravian na Waanglikana. Wapo wasichana wa Girl Guides, chama kilichokuwapo tangu enzi za Tanganyika, mwaka 1928. Karibu kila kikundi kina vitenge vya sare, mweka hazina na daftari la michango. Na karibu kila kikundi, ikifika Kwaresima au Krismasi, huchanga sabuni, sukari na pampasi, kikaenda wodi ya watoto.

Jambo hilo ni jema, na nisieleweke vibaya. Lakini niruhusu nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliongozana na kikundi cha kanisani kwetu kwenda wodi ya watoto katika hospitali moja. Tuliomba, tukagawa sabuni, tukapiga picha. Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja kijana aliyekuwa amempakata mtoto mchanga aliniomba tumshikie mtoto wake kidogo, akaoge. Alikuwa ametoka mbali, hana ndugu mjini, na hakuwa ameoga kwa siku mbili. Mimi nilitazama saa. Basi dogo tulilolikodi lilikuwa linatusubiri. Nikamwachia kipande cha pili cha sabuni, nikaondoka.

Nilimpa sabuni mama asiye na nafasi ya kuitumia. Sikuuliza jina la mtoto wake, na sijui kama alipona. Kila ninaposoma habari za Sista Irene, namwona mama yule.

Serikali imeweka sera ya kuwatibu watoto chini ya miaka mitano bila malipo, na wauguzi wetu wanajitahidi. Lakini sera haiwezi kumshika mtoto mama anapokwenda bafuni. Mama aliyetoka Kyela, Ludewa au milima ya Makete na kulazwa na mtoto mjini ana mahitaji ambayo hayamo katika orodha ya dawa: uji wa moto asubuhi, mtu wa kumfulia kanga, mtu wa kumpigia simu mume aliyebaki na watoto wengine, mtu wa kukaa naye usiku mtoto anapozidiwa. Mama wa mtoto njiti anatakiwa kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi kila siku. Nani anamshikia kikombe wakati huo?

Haya ni mambo ambayo kikundi chenu kinaweza. Nendeni kwa mganga mfawidhi na muuguzi kiongozi wa wodi, mwombe ruhusa, mfuate utaratibu wao wa kunawa mikono na kutoingia mkiwa na mafua. Pangeni zamu, watu wawili wawili, siku ileile kila wiki, ili akina mama wajue kwamba Jumatano mtakuja. Wasichana wafume kofia na soksi za watoto wachanga, maana baridi yetu ya Juni na Julai haina huruma kwa mtoto wa kilo moja na nusu. Wenye afya wakachangie damu, kwa sababu malaria na upungufu wa damu bado vinatuondolea watoto. Na simu zenu ziacheni mkobani. Mtoto mgonjwa si pambo la picha ya kikundi.

Bwana wetu alipoeleza hukumu ya mwisho katika Injili ya Mathayo, alitaja wagonjwa waliotembelewa, akasema aliyetembelewa ni yeye mwenyewe. Na Msamaria yule wa Luka hakuishia kufunga vidonda. Alimpeleka majeruhi nyumba ya wageni, akalala naye pale, na alipoondoka aliahidi kurudi. Huruma ya Kikristo ina ratiba ya kurudi.

Mpendwa msomaji, wiki hii kikundi chako kitakapokutana, kabla ya kusoma mapato na matumizi, ulizeni swali moja tu: ni nani kati yetu anaweza kubaki? Sista Irene alianza na mikono miwili na muda. Hivyo hata sisi tunavyo.

Tuombe: Ee Bwana, utusamehe pale tulipotazama saa. Utupe moyo wa kurudi mara ya pili. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.