Maisha ya Shekhe Abu Rayhan al-Biruni

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), hizi ni khabari za mwanachuoni mkubwa, nazo zina mafunzo kwa kila baba aliyepewa amana ya watoto.

Jina lake ni Muhammad bin Ahmad, na mashuhuri yake ni al-Biruni. Alizaliwa mwezi 3 Mfungo Tatu mwaka 362 wa Hijra, yaani 4 Septemba 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khawarizmi, ambayo leo imo Uzbekistan. Katika ujana wake alipata mwalimu bora, Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa wafalme na bingwa wa hisabu na falaki. Mwalimu huyu hakumficha elimu; hata baadaye aliandika risala nyingi kwa ajili ya mwanafunzi wake.

Malezi hayo yalizaa matunda mapema. Yapata umri wa miaka 17, al-Biruni alipima kimo cha jua lilipofika juu kabisa, akajua kwa hisabu mahali pa mji wake katika ardhi. Kisha akatengeneza nusu ya tufe, upana wake dhiraa 10, ili aonyeshe miji juu yake. Mwaka 995 vita vikazuka, akakimbia kwao, na kazi ile ikapotea. Lakini elimu iliyokwisha kaa kifuani haikupotea.

Mwaka 997 mwezi ulipatwa. Al-Biruni akautazama huko Kath, na Abu al-Wafa akautazama Baghdad, kwa mapatano yao. Walipolinganisha saa zao, wakajua umbali wa miji miwili hiyo kutoka mashariki hata magharibi.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliitwaa Khawarizmi, akawachukua wanavyuoni, al-Biruni na mwalimu wake wakiwamo. Mwaka uliofuata, akiwa kijiji kimoja karibu na Kabul, alitaka kupima jua naye hana chombo. Hakukaa akalia. Alitwaa ubao wake wa hisabu, akachora nyuma yake kipande cha duara chenye daraja, akatundika timazi, akapima. Je, ni chuo gani katika pwani yetu kisichokuwa na ubao, na ni mwashi gani asiyekuwa na timazi?

Baadaye, huko Nandana katika Bara Hindi, alipima urefu wa mlima, akapanda kileleni akatazama upeo wa macho umeshuka kiasi gani, na kwa hivyo akahisabu ukubwa wa ardhi yote. Pia aliandika kitabu kizima juu ya kujua mahali pa miji, na katika makusudi yake ni kusahihisha kibla cha Ghazna. Basi asemaye kwamba elimu ya nyota na hisabu haina kazi katika dini, na ajiulize nani humpangia nyakati za sala, na mihirabu ilielekezwa kwa elimu gani.

Mwaka 1029 alitunga Kitabu al-Tafhim kwa ajili ya binti wa Khawarizmi aitwaye Rayhana bint al-Hasan. Kina maswali zaidi ya 500 na majawabu yake, kikianza na handasa, kisha hisabu, kisha mbingu na ardhi. Mwanachuoni mkubwa kama huyo hakuona haya kushuka mpaka daraja ya mwanafunzi, wala hakulichoka swali.

Imepokewa kwamba alipokuwa katika kukata roho, yapata mwaka 440 wa Hijra (1048), aliingia faqihi mmoja kumzuru. Al-Biruni akamwuliza mas-ala ya mirathi ya mabibi. Faqihi akamhurumia kwa hali ile. Naye akamjibu kuwa ni bora kuiaga dunia akiijua mas-ala ile kuliko kuiaga akiwa mjinga nayo. Akaelezwa, akaihifadhi. Faqihi hakufika mbali ila alisikia kilio nyumbani.

Enyi wazazi, mtoto akiuliza kwa nini mwezi hupatwa au maji hujaa na kupwa, msimkemee. Mtafutieni mwalimu amjuae jambo hilo, mpeni ubao na uzi, mwacheni apime kivuli cha jua uani. Swali la mtoto likizimwa leo, kesho halirudi. Na umma usiokuwa na wapimaji wake hupimiwa na wengine. Mwenyezi Mungu atujaalie wana wenye elimu na taa. Amin.