Asenath Bole Odaga: Mwalimu aliyewatoa wanafunzi darasani wakajifunze lugha kwa wazee

KABLA ya walimu wa lugha nchini Kenya kuanza kuhimizwa kufunza kwa njia ya miradi na kumhudumia kila mwanafunzi kulingana na uwezo wake, mwandishi mmoja wa Kisumu alikuwa amekwisha kuwaandalia vitabu vya kazi hiyo.

Huyo ni marehemu Asenath Bole Odaga, aliyeaga dunia Desemba 1, 2014. Wengi humkumbuka kwa hadithi za watoto. Hata hivyo, mchango wake mzito zaidi ulikuwa kusaidia kuiweka fasihi simulizi katika shule za sekondari, somo lisiloweza kufunzwa ipasavyo bila mwanafunzi kutoka nje ya lango la shule.

Odaga alizaliwa Julai 5, 1937 huko Rarieda, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, eneo ambalo leo ni sehemu ya Kaunti ya Siaya.

Jamii ya Waluo ilikuwa na chuo chake cha jioni tangu jadi. Katika nyumba iliyoitwa siwindhe, ajuza aliyejulikana kama pim aliwafunza watoto hadithi, vitendawili, nyimbo na adabu. Watoto hao hawakuwa wa umri mmoja wala akili ya aina moja. Mdogo alitegua kitendawili chepesi, mkubwa akasimulia hadithi nzima, na mwenye sauti nzuri akaongoza wimbo. Hakuna aliyefukuzwa kwa kuwa mzito wa ulimi.

Elimu ya shuleni nayo ilimfikisha katika Chuo cha Ualimu cha Kikuyu, alikosomea kati ya 1955 na 1956. Mwaka uliofuata alikuwa tayari akiwafunza walimu wengine katika chuo cha kanisa la Anglikana huko Ng'iya. Alihamia Shule ya Wasichana ya Butere mwaka wa 1959, na kuanzia 1961 hadi 1963 akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Wasichana ya Nyakach.

Safari hiyo fupi ilimvusha mipaka ya lugha. Ng'iya na Nyakach ni maeneo ya Waluo, ilhali Butere ni nchi ya Waluhya. Katika shule zote hizo, Kiingereza ndicho kilichokuwa ngazi ya kupandia. Msichana aliyekuwa fasaha nyumbani angeweza kuonekana bubu darasani.

Vitabu vyake vya kwanza vya watoto, vikiwemo The Secret of Monkey Rock na Jande's Ambition, vilitoka mwaka wa 1966. Baadaye alirudi masomoni katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata shahada yake ya kwanza mwaka wa 1974.

Alijiunga na chuo hicho wakati mjadala mkali ulikuwa umeanza kuzaa matunda. Mwaka wa 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban Lo Liyong walikuwa wametaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, ikiwemo ile ya masimulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mwaka wa 1974 walimu na wahadhiri walikutana Nairobi kujadili jinsi ya kuyafikisha mageuzi hayo katika shule za sekondari.

Odaga alikuwa na sifa ambayo wahadhiri wengi hawakuwa nayo: alikuwa amewahi kuwafunza walimu na kuongoza shule. Kati ya 1974 na 1975 alishughulikia ukuzaji wa mitaala katika shirika la elimu la makanisa. Kisha akawa mtafiti wa Taasisi ya Taaluma za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi 1981. Tasnifu yake ya uzamili ilichunguza thamani ya kielimu ya sigendini, yaani hadithi za Waluo.

Mwaka wa 1982, yeye na Kichamu Akivaga walitoa Oral Literature: A School Certificate Course, kitabu cha wanafunzi wa sekondari. Miaka miwili baadaye akafuatisha Yesterday's Today: The Study of Oral Literature.

Somo hilo liligeuza desturi za darasa. Mwanafunzi alitakiwa amtafute msimulizi, amsikilize, arekodi, anakili maneno yake jinsi yalivyosemwa, atafsiri, aainishe, kisha awasilishe mbele ya wenzake.

Katika kazi kama hiyo, wanafunzi wasiolingana uwezo huhitajiana. Mtoto aliyelelewa mtaani Nairobi huenda akaandika Kiingereza safi lakini asielewe methali moja ya nyanya yake. Aliyekulia kijijini Nyakach, anayepata alama za chini katika insha, ndiye anayejua jinsi ya kumsalimu mzee na kumfanya azungumze. Mwenye hati nzuri hunakili, na mwenye subira hutafuta neno linalofaa katika tafsiri.

Ufuo wa ziwa una malighafi tele ya miradi hiyo. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi, ambalo masimulizi husema lilikuwa kijiji kilichogharikishwa baada ya wenyeji kumnyima ukarimu mwanamke mzee. Huko Gwassi, husimuliwa kisa cha Nyamgondho, mvuvi aliyenasa ajuza wavuni akatajirika, kisha akamtukana na kuona mifugo wake wote wakimfuata ajuza huyo hadi majini. Odaga aliviandikia visa vyote viwili vitabu.

Ili kazi ya aina hiyo isitegemee Nairobi, alianzisha kampuni ya Lake Publishers mjini Kisumu mwaka wa 1982, akachapisha kwa Kiingereza na Dholuo. Mnamo 2005 alitoa kamusi ya Dholuo na Kiingereza, chombo cha manufaa makubwa kwa mwanafunzi anayetafsiri alichorekodi.

Lakini mtihani una nguvu kuliko kitabu. Kadiri miaka ilivyosonga, fasihi simulizi ilibanwa ikawa kifungu kifupi chenye maswali. Mwanafunzi aliweza kukariri hatua za utafiti nyanjani na kuzieleza vizuri bila kuwahi kumhoji mzee yeyote. Vitabu vyenyewe, kwa kuwa vilikuwa na hadithi zilizokwisha kutafsiriwa, vilimpa mwalimu aliyelemewa na kazi sababu ya kubaki darasani.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule za msingi mwaka wa 2019, umerejesha miradi na kazi za vikundi. Walimu wamepelekwa kwenye mafunzo, na wengi hulalamika kwamba madarasa yamefurika na muda hautoshi.

Maisha ya Odaga hayaondoi ugumu huo, lakini yanaonyesha kwamba si kila mradi wa lugha huhitaji kununuliwa vifaa. Mwingine huhitaji daftari, swali lililoandaliwa vyema na mzee aliye tayari kuzungumza. Daftari na swali vinaweza kusubiri mwaka ujao. Mzee huenda asisubiri.