Sheikh Rifa'a al-Tahtawi, Imamu Aliyerudi na Kifaransa



Likizo ndefu iliyopita nilikuwa Bugeshi, vilimani juu ya mji wa Gisenyi, Rwanda, kwa miezi miwili ya kujifunza Kifaransa. Tulikuwa wanne, sote wa chuo kimoja, tumepanga kwa familia ya wakulima wa viazi. Asubuhi tunapanda pikipiki kushuka mjini kwa mwalimu wetu, Mkongomani anayevuka mpaka kutoka Goma, na jioni tunarudi juu kwenye baridi. Wiki tatu zikapita na Kifaransa changu hakijavuka salamu. Tukitoka darasani ni Kiswahili mpaka kulala, na watu wa huko wanakijua vizuri kwa ajili ya biashara ya mpakani, kwa hiyo hata sokoni hatukupata shida.

Mwalimu akashauri tutawanyike, kila mmoja akakae na familia inayozungumza Kifaransa nyumbani. Nilikataa. Nilisema sijui watapika nini, na swala ya jamaa tutaikosa. Hoja hizo zilikuwa za kweli, lakini nusu ya sababu ilikuwa haya ya kuonekana mjinga mbele ya wageni. Mwenzetu aliyekuwa akitusalisha hakubishana nami. Alinipa tu simu yake nisome maisha ya Sheikh Rifa'a al-Tahtawi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilisoma mpaka betri ikaisha.

Alizaliwa mwaka 1801 katika mji wa Tahta, kusini mwa Misri, mwaka uleule majeshi ya Wafaransa yalipoondoka nchini humo. Ukoo wao ulikuwa wa masharifu, lakini Muhammad Ali Pasha alipofuta utaratibu wa zamani wa mapato ya ardhi, familia ilififia. Baba yake alifariki mapema, na wajomba zake, watu wa elimu, ndio waliomlea. Mwaka 1817 akaingia Al-Azhar. Hapo alimpata mwalimu aliyeyageuza maisha yake, Sheikh Hasan al-Attar, mwanachuoni aliyewahi kukaa na wataalamu wa Kifaransa walipokuwa Cairo na kuona kwamba wana elimu ambayo Waislamu wameiacha. Rifa'a akasomesha Al-Azhar miaka michache, kisha akawa imamu jeshini.

Mwaka 1826 Muhammad Ali alituma wanafunzi zaidi ya 40 kwenda Paris. Al-Attar alimpendekeza Rifa'a aende nao kama imamu. Umri wake ulikuwa miaka 24. Zingatieni hapa: hakutumwa kusoma. Kazi yake ilikuwa kuwasalisha wenzake na kuwashauri katika dini yao. Kusoma lilikuwa jambo alilojitwisha mwenyewe.

Walipofika Marseille waliwekwa karantini kwanza, na hata jambo hilo aliliangalia kwa jicho la mwanachuoni, akieleza mjadala wa wanazuoni wawili wa Tunis, wa Kimaliki aliyeikataza karantini na wa Kihanafi aliyeiruhusu. Walipotolewa, mengi yalimshangaza: watu wanakaa juu ya viti kula, kila mmoja na sahani yake na uma wake. Aliingia mkahawa mmoja akadhani una umati mkubwa wa watu, hadi alipojiona yeye mwenyewe na wenzake wakitembea ndani ya kioo ukutani. Nilicheka peke yangu gizani niliposoma hapo, maana nami siku ya kwanza Gisenyi nilimwamkia mtu mzima kwa neno la kuagia.

Paris waliwekwa chini ya usimamizi wa Jomard, mtaalamu aliyekuwa Misri wakati wa Napoleon. Mwanzoni waliishi pamoja katika nyumba moja. Ikatokea kama ilivyotokea kwetu: Kifaransa hakisogei, kwa sababu wakiwa wenyewe wanazungumza lugha zao. Basi wakatawanywa, wakapelekwa kwenye nyumba za bweni miongoni mwa Wafaransa. Hapo niliiweka simu chini kidogo.

Rifa'a alimlipa mwalimu wa ziada kutoka mfukoni mwake na kununua vitabu kwa posho yake. Alisoma usiku hadi jicho lake la kushoto likadhoofika na daktari akamkataza kusoma usiku. Hakumsikiliza, aliona atabaki nyuma. Sisemi tumwige katika hilo. Wanaoeleza maisha yake wanasema matamshi yake ya Kifaransa hayakupata kuwa mazuri, ila akishika kalamu kutafsiri alikuwa mtu mwingine. Alisoma historia, jiografia, hesabu na falsafa, akawasoma Montesquieu na Rousseau, akaishi na imani yake. Kuna aliyoyasifu kwa Wafaransa, kama usafi na kupenda elimu, na kuna aliyoyakosoa wazi, hasa udhaifu wao katika dini. Julai 1830 alikuwepo Paris watu walipomwangusha mfalme Charles X, na akaeleza kwa Kiarabu chanzo cha yale mapinduzi na sheria iliyowekea mfalme mipaka. Oktoba mwaka huo alifanya mtihani wake wa mwisho akiwa na tafsiri 12 mkononi.

Alirudi Misri mwaka 1831. Kitabu chake kuhusu Paris kilichapwa Bulaq mwaka 1834, na Muhammad Ali akaagiza maofisa wake wakisome. Mwaka 1835 ikafunguliwa shule ya lugha mjini Cairo, naye akaiongoza. Yeye na wanafunzi wake wanahesabiwa kutafsiri vitabu karibu 2,000, vya uganga, hesabu, sheria na historia. Maneno mengi ya Kiarabu cha leo yalitafutwa kwenye meza hizo.

Kisha mambo yakageuka. Abbas aliposhika madaraka, shule ilifungwa, na mwaka 1850 Sheikh akapelekwa Khartoum kusimamia shule ya msingi. Ilikuwa ni kufukuzwa, hata kama kuliitwa uteuzi. Baadhi ya wenzake walifia huko kwa maradhi. Yeye alikaa akitafsiri riwaya ya Fénelon juu ya malezi ya mwana wa mfalme na wajibu wa watawala, na sidhani aliichagua kwa bahati. Mwaka 1854, baada ya kifo cha Abbas, akarejea Cairo.

Miaka yake ya mwisho aliongoza tena kazi ya tafsiri, ikiwemo sheria za madai za Ufaransa, akahariri jarida la shule, na mwaka 1872 akatoa kitabu cha kuhimiza wasichana wasome pamoja na wavulana. Dada zetu watapenda kujua kwamba alimwandikia mkewe, binti wa mjomba wake, hati ya kujifunga kwamba hataoa mke mwingine wala kuweka suria maadamu wako pamoja. Alifariki Mei 1873.

Jumatatu iliyofuata nilihamia Gisenyi, kwa mzee mmoja mstaafu na mkewe, si Waislamu. Mama yule aliniuliza mapema nisichokula, kabla sijapanga sentensi ya kumweleza. Swala za jamaa nilizipata msikitini mjini, baadhi tu, si zote. Usiku wa kwanza ilinibidi nimuulize mzee upande wa kaskazini ni upi, ili nikadirie kibla, na neno lenyewe sikulijua. Nilichora ramani ya Afrika kwenye daftari, nikaweka alama Rwanda, nikaweka nyingine Makka. Akaitazama, akanyanyuka, akasogeza kochi.