Maisha ya Munganga Theodor Kocher na Ugonjwa wa Rovu

Katika namba hii tumepewa zamu ya kuandika maisha ya mtu mwenye sifa. Tumemchagua Theodor Kocher, munganga wa Uswisi. Labda wengi kati yenu hawajasikia jina lake. Si kitu. Mukisoma mpaka mwisho mutaona kwamba habari zake zinagusa shingo, mifupa na moyo wa mtu wa Idjwi sawasawa na mtu wa Ulaya.

Kocher alizaliwa katika mji wa Bern tarehe 25 Agosti 1841. Baba yake alikuwa inginia. Mama yake alikuwa wa kanisa la Ndugu wa Moravia, ndio Waprotestanti wale wale waliotuma wamisionari Rungwe, Tanzania, katika mwaka 1891. Mama alimlea mtoto wake katika maombi na katika kazi, na Kocher alidumu katika imani hiyo maisha yake yote. Alisoma uganga mjini Bern, akapata udaktari mwaka 1865. Kisha akasafiri Berlin, London na Paris kwenda kuangalia mikono ya wapasuaji wakubwa wa wakati ule. Mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka kama 31 tu, aliwekwa kuwa profesa wa upasuaji katika hospitali ya Inselspital mjini Bern. Miji mingine ilimwita, akakataa. Alifanya kazi pale pale miaka 45.

Sasa, juu ya nini alishughulika na shingo? Uswisi ni inchi ya milima, mbali na bahari. Mvua na barafu za miaka elfu nyingi zimeosha udongo wake na kuondoa yodi, ile dawa ya asili ambayo bahari inayo kwa wingi. Kwa hiyo watu wengi wa kule walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingo. Wengine rovu lao liliwaziba pumzi. Vilevile katika vijiji vya mabonde walizaliwa watoto wafupi sana, wazito wa akili, wengine viziwi na bubu. Watu walisema ni laana au ni damu mbaya ya jamaa fulani. Nani angejua kwamba ni ukosefu wa kitu kidogo kuliko punje ya chumvi?

Kupasua rovu wakati ule hakukuwa mchezo. Shingo imejaa mishipa mikubwa ya damu, na wagonjwa wengi walikufa mezani au siku chache baadaye kwa uchafu wa vidonda. Kocher aliingia katika kazi hiyo kwa utaratibu. Alifuata mafundisho ya Lister wa Uingereza juu ya usafi. Hakufanya haraka. Kila mshipa aliufunga mmoja mmoja, na ile pensi ya kubana mishipa aliyoitengeneza inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwanzoni zaidi ya wagonjwa 10 kati ya 100 walikufa. Miaka ya mwisho ya kazi yake, hata mmoja kati ya 100 hakufika. Watu wakaanza kutoka mbali kuja Bern.

Lakini hapa ndipo inaanza habari ambayo ilitufanya tumchague.

Mwaka 1874 Kocher alimpasua mtoto msichana wa miaka 11, akamtolea tezi ya shingo yote. Kidonda kikapona vizuri, mtoto akarudi kwao. Baadaye munganga wa kwao alileta habari kwamba yule mtoto amebadilika: amekuwa mzito, mvivu, wa kufikiri polepole. Miaka ikapita. Mwaka 1882, mpasuaji mwenzake Jacques-Louis Reverdin wa Geneva akamweleza kwamba na yeye ameona mambo kama hayo kwa wagonjwa wake. Kocher angeweza kunyamaza. Alikuwa na jina kubwa, tena wagonjwa walikuwa wamekwisha kuagana naye kwa furaha. Hakunyamaza. Alituma barua kuwaita tena wale wote aliowatolea tezi nzima. Walikuwa 34. Aliweza kuwaangalia 18 kwa macho yake. Kati ya hao 18, watu 16 walikuwa wameharibika: uso umevimba, ngozi kavu, nywele zinatoka, mwili baridi, nguvu zimekwisha, akili imelala. Wale waliopasuliwa wakiwa wadogo walikuwa wamesimama kukua. Yule msichana alikuwa mmoja wao, amebaki mfupi, na mdogo wake amempita kwa urefu.

Mwezi wa Aprili 1883 Kocher alisimama Berlin mbele ya wapasuaji wa Ujerumani, akaeleza mambo yote, na hesabu yake mgonjwa kwa mgonjwa. Alitangaza kwamba hatatoa tena tezi yote kwa rovu la kawaida. Kutoka siku hiyo aliacha kila mara kipande. Julai mwaka ule ule alijaribu hata kumpandikiza mgonjwa mmoja kipande cha tezi ya mtu mwingine, ili kumrudishia alichopoteza. Kipande hakikudumu, lakini ni moja ya majaribio ya kwanza ya namna hiyo katika uganga.

Kuna jambo la kushangaza katika habari hii. Mpasuaji mwingine mkubwa, Theodor Billroth wa Vienna, wagonjwa wake hawakupata sana ugonjwa huu. Si kwamba Billroth alikuwa fundi kuliko Kocher. Billroth alifanya haraka, akaacha vipande vya tezi nyuma. Kocher alikuwa safi na mwangalifu, hakuacha kitu. Kumbe ule usafi wake ndio ulioharibu watu! Wagonjwa wa Billroth walipata ubaya mwingine, kukazana kwa misuli, sababu katika haraka yake walipoteza tezi nne ndogo zilizo nyuma ya ile kubwa. Hizo nne zinatoa homoni inayolinda kalisi katika damu. Kalisi ikipungua damuni, misuli inakazana na moyo unapoteza mwendo wake. Homoni hiyo ikizidi, inanyonya kalisi ya mifupa mpaka mifupa inakuwa myepesi.

Kocher mwenyewe hakuelewa mara moja sababu ya yale aliyoyaona. Kwanza alidhani ni pumzi, eti bomba la hewa limekuwa jembamba. Hapo alikosea. Ni Felix Semon, huko London, aliyesema mwaka 1883 kwamba sababu ni kukosa tezi yenyewe. Victor Horsley akaitoa kwa nyani, nyani wakaugua vilevile. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimchoma mwanamke mgonjwa sindano ya maji yaliyokamuliwa katika tezi za kondoo. Mama yule akapona, akaishi miaka 28 zaidi kwa dawa hiyo. Katika mwaka 1914 Edward Kendall, Mmarekani, akafaulu kuitenga homoni yenyewe, inayoitwa tiroksini.

Tueleze sasa kazi yake kama tunavyoijifunza katika biolojia. Homoni ni kama mjumbe anayetumwa na damu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, hipofizi. Ikiona tiroksini imepungua damuni, inatuma mjumbe wake shingoni. Mjumbe huyo haingii ndani ya seli. Anakaa mlangoni, juu ya ngozi ya seli, fasi inayomfaa kama ufunguo na kufuli, na ndani ya seli mjumbe wa pili anaamka kupeleka habari. Tezi inaanza kufanya kazi zaidi. Kama yodi iko, homoni inatengenezwa, hipofizi inatulia. Kama yodi haiko, hipofizi inaendelea kuita na kuita, na tezi inakua na kukua bila kushiba. Ndilo rovu lile. Uvimbe si uchawi, ni tezi inayohangaika kutii.

Tiroksini yenyewe ina yodi nne. Ikifika katika viungo, yodi moja inatolewa, zinabaki tatu, na hapo inapata nguvu kamili. Hii inaingia ndani ya seli mpaka kwenye kiini, inaamsha sehemu za urithi zilizolala. Matokeo yake ni matatu hasa. La kwanza, chakula kinageuzwa kuwa joto na nguvu. Ikikosekana, mtu anasikia baridi, ananenepa bila kula sana, na mafuta ya kolesteroli yanapanda katika damu. La pili, mifupa ya mtoto inarefuka na kukomaa. Ikikosekana, mtoto anabaki mfupi. La tatu, moyo unapiga kwa nguvu na kwa mwendo wake. Ikikosekana, moyo unakuwa mzito na wa polepole. Juu ya hayo yote, mtoto aliye tumboni anaihitaji kwa ubongo wake, na akiikosa wakati huo hakuna dawa ya kurudisha.

Homoni ikizidi nayo ni hatari. Moyo unakimbia na kuruka mapigo, mtu anakonda, mifupa inadhoofika. Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, aliugua tezi hivyo, na mwaka 1913 alipasuliwa Bern na Kocher mwenyewe. Kocher alifundisha wengi pia. Harvey Cushing kutoka Marekani alikuja kufanya kazi kwake, na baadaye huyo Cushing akawa bingwa wa ile hipofizi tuliyoitaja.

Mwaka 1909 Kocher alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo. Alikuwa mpasuaji wa kwanza kuipata. Katika Julai 1917, akiwa na karibu miaka 76, aliitwa hospitali kumpasua mgonjwa wa haraka, akaenda. Siku chache baadaye, tarehe 27, akafariki. Hakuona mwaka 1922, wakati Uswisi ilipoanza kutia yodi katika chumvi. Baada ya hapo rovu lilipungua sana kwa watoto.

Turudi kwetu sasa. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Ubelgiji, François Delange, André-Marie Ermans na Claude Thilly, wakishirikiana na IRSAC ya Lwiro, kule ng'ambo ya ziwa, walizunguka vijiji vya Idjwi. Waliona jambo gumu. Yodi ilikuwa kidogo katika kisiwa chote, lakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi watu kama 5 tu kati ya 100. Ukosefu wa yodi peke yake haukutosha kueleza tofauti hii. Wakatafuta katika chakula, wakafika kwenye mihogo. Muhogo mchungu una sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa thiosianati, na thiosianati inaifungia yodi mlango wa kuingia katika tezi. Mwenye yodi ya kutosha haumii sana. Maskini wa yodi ndiye anayenyang'anywa hata ile kidogo. Hao wanasayansi waliandika pia, mwaka 1972, juu ya watoto wa kisiwa chetu ambao walifanana na wale wagonjwa 16 wa Kocher: wafupi, ngozi kavu, akili imelala. Walijaribu sindano za mafuta yenye yodi, na sindano moja ilitosha miaka kadhaa. Tangu miaka ya 1990, chumvi inayoletwa Congo inatiwa yodi, na hiyo ndiyo imeokoa wengi.

Basi, ndugu na dada, tusiseme kwamba haya ni ya zamani. Udongo wetu haukupata yodi mpya. Bugali yetu ni ya mihogo ile ile. Chumvi ikikosa yodi, ugonjwa utarudi, na utaanza kwa mama mwenye mimba, kimyakimya. Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Nyumbani na hapa katika jiko la masomo, tununue chumvi yenye yodi, tuifunge vizuri mbali na jua na maji, na tuitie katika chungu karibu na mwisho wa kupika. Mihogo michungu tuiloweke siku tatu kamili kabla ya kuianika, hata kama njaa inatuharakisha. Na mtu mwenye rovu, au mtoto mfupi asiyesema vizuri, tusimcheke na kumwita mwenye kurogwa. Tumpeleke kwa munganga.

Tena kuna fundisho kwa sisi tunaomaliza mwaka huu na ambao kesho tutakuwa walimu, wauguzi na wachungaji. Kocher aliwapasua watu kwa moyo mwema na kwa mikono safi, lakini wagonjwa wakaumia. Angejificha nyuma ya jina lake, ile tezi ingeendelea kutolewa na watoto wangeendelea kuharibika. Yeye aliwaita tena mmoja mmoja, akawahesabu, akasema idadi yao mbele ya wenzake. Tukipata kazi, sisi nasi turudi kuangalia wale tuliowatumikia, tuone wanaendeleaje.

Mungu abariki masomo yetu na kisiwa chetu.