Padre Roberto Landell de Moura: Kuhani Aliyeunda Redio kwa Mikono Yake

Padre Roberto Landell de Moura alizaliwa tarehe 21 Januari 1861 mjini Porto Alegre, kusini mwa Brazili. Alisoma Roma, akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1886, na huko huko akajifunza pia fizikia. Aliporejea nyumbani alihudumia parokia, na katika muda wake wa faragha aliunda kwa mikono yake mitambo ya kupeleka sauti ya mwanadamu pasipo waya.

Wengi hawakumwelewa. Sauti itokayo hewani waliidhania kuwa uchawi. Husimuliwa kwamba waamini wenye hasira waliingia katika karakana yake wakavunja vyombo vyote. Hakuacha upadre wala utafiti, alianza upya. Tarehe 3 Juni 1900, mjini São Paulo, mbele ya mashahidi, sauti ilivuka umbali wa kilomita 8 hivi. Mwaka 1904 alipewa hataza tatu nchini Marekani.

Hata hivyo, nchini mwake hakupata wa kumsaidia. Aliendelea na utume wake wa altare na kitubio hadi alipofariki dunia huko Porto Alegre, tarehe 30 Juni 1928. Leo waendeshaji wa redio za ridhaa wa Brazili humheshimu kama mlezi wao.

Ndugu waamini, waliovunja vyombo vile walidhani wanailinda imani. Tusiwe wepesi kukihukumu tusichokielewa, maana kipaji cha jirani chaweza kuwa zawadi ya Mungu kwetu sote.